Kilo Tisa za Fundi Elisante

Maneno hayajawahi kuniishia mimi. Nimeshika maiki kwenye harusi, sendofu, vipaimara, hata kwenye mnada wa ng'ombe mara moja, na hakuna siku nilisimama nikakosa la kusema. Darasa la saba nililimaliza kwa kuchekesha walimu, na mji huu wa Arusha nimeuishi kwa kuchekesha wengine wote. Siku ya mazishi ya Fundi Elisante, kule juu mlimani kwao, familia ilinipa karatasi ya wasifu wa marehemu niisome, kwa sababu nina sauti na kwa sababu, walisema, alinipenda. Nikasoma amezaliwa wapi, amebatizwa lini, kipaimara, ndoa, kazi ya kusuka mota pale Kaloleni miaka ishirini na kitu. Nikafika mstari mmoja ulioandikwa kwa mwandiko mzuri wa binti yake: "Alijaribu pia kuunda chombo cha umeme cha kubeba mtu angani, lakini hesabu hazikukubali." Hapo ulimi ukakwama. Watu mia na zaidi wamekaa kwenye viti vya kukodi chini ya turubai, wanadhani nimeshikwa na kilio. Mchungaji akanigusa mgongo. Nikakohoa, nikausoma mstari ule kama ulivyoandikwa, nikaendelea na kuugua kwake. Waombolezaji wakanihurumia. Mama mmoja akanipa kitambaa chake nifute uso, na mimi nikakipokea, nikafuta uso mkavu.

Mambo ya ukoo wangu nayaruka, hayana msaada hapa. Inatosha ujue kwamba miaka saba iliyopita nilikuwa chalii wa miaka ishirini na moja, nauza soksi za mtumba karibu na uwanja wa mpira, mwembamba kiasi kwamba watu walinibatiza jina la Nusu, na hilo ndilo lililobaki. Godlisten nilikuwa naandikiwa kwenye cheti tu. Siku moja mvua ilinikimbiza nikaingia kwenye fremu ya fundi mmoja wa mota. Kila mtu Kaloleni alimjua: pampu ya maji ikiungua, mashine ya kusaga ikigoma, unampelekea Elisante, anaifungua, anatoa waya wote ulioungua, anasuka mwingine mpya mzunguko kwa mzunguko. Ila siku hiyo kati ya mapampu kulikuwa na kitu kimelala sakafuni kama meza iliyopinduliwa: mabomba ya alumini, yale ya kutengenezea madirisha, yamefungwa msalaba juu ya msalaba, na kwenye kila ncha kuna mota, na juu ya mota panga la feni refu kama mkono wangu. Nilihesabu mapanga manane. Nikamwambia, "Shikamoo Fundi. Hiki ni kitanda cha mtu anayesikia joto sana?" Akaitika marahaba bila kuinua kichwa. Alikuwa anahesabu mizunguko ya waya kwa Kimeru, polepole, mdomo unacheza. Alipofika mwisho akafunga uzi, ndo akaniangalia, kuanzia miguuni mpaka kichwani, kama mtu anayeangalia ng'ombe mnadani. Akauliza, "Una kilo ngapi wewe?"

Hivyo ndivyo nilivyokuwa rubani. Yeye mwenyewe alikuwa na kilo tisini na mbili, hakuna mashine ya Kaloleni ingemtoa chini. Kazi yangu, alinielewesha, ni kukaa. Chombo angekiendesha yeye kutoka chini kwa rimoti, na kingefungwa kamba kwenye vigingi vinne vilivyopigiliwa ardhini, kisipande zaidi ya urefu wa mtu. Lakini alitaka mtu awe ndani. Alisema drone ya kupiga picha kila mtu ameshaiona harusini, gunia nalo hata winchi inanyanyua, lakini siku mtu atakaponyanyuka kwa mota zilizosukwa na mkono wa Kaloleni, hapo ndo atakuwa amefanya kitu. Hakuwahi kusema anataka utajiri wala jina. Alitaka kujua kama hesabu zake ni za kweli. Ndo hivyo tu. Nilicheka moyoni. Kumbe nilikuwa sijawahi kukutana na mtu anayetaka kitu kimoja.

Mwaka ule wote niliuishi kwenye vyumba vile viwili. Cha mbele ndo karakana, kinanuka vanishi, ile dawa ya njano wanayopaka waya ukishasukwa, mpaka chai ilikuwa na ladha ya vanishi. Cha nyuma, nyuma ya pazia la maua, ndo nyumbani: makochi yenye vitambaa vya kufuma, kalenda ya usharika, kabati la vioo lenye vikombe ambavyo hakuna mgeni aliyewahi kufikia cheo cha kuvitumia. Mke wake, Mama Glory, alipika kwa ajili ya watu wanne na mimi nilikuwa wa nne. Ila mimi nilipakuliwa nusu. Wenzangu wanakula machalari, ndizi zimelala na nyama juu yake, mimi natengewa kibakuli cha kama mtoto anayeachishwa ziwa. Nikilalamika Mama Glory anasema, "Baba, ukishuka kutoka huko hewani nitakuchinjia jogoo. Kwa sasa wewe ni mzigo." Na Glory, binti yao, alikuwa kidato cha nne, anaandika kila kitu kwenye daftari la kaunta buku: uzito wa bomba, uzito wa betri, uzito wa skrubu moja mara mia mbili. Akiniona nachovya kidole kwenye sufuria anasema tu, "Kaka Nusu, gramu arobaini," halafu anajifanya kuandika.

Betri zilikuwa za pikipiki za umeme, alizitoa kwenye pikipiki zilizopata ajali. Mapanga yalichongwa na fundi seremala wa Moshono, mzee mmoja mbishi aliyekuwa haamini kwamba si ya mashine ya kupukuchua mahindi. Kiti kilikuwa kiti cha plastiki kilichokatwa miguu. Na mimi kazi yangu ya ziada ikawa mdomo. Nilitangaza. Kaloleni nzima ilijua Nusu anaenda angani. Muuza chipsi aliniita Kapteni. Wenzangu wa soksi walininunulia kofia ngumu ya bodaboda, wakaandika kwa rangi nyeupe RUBANI. Nilikuwa na majibu kwa kila swali. Wakiuliza nikianguka, nasema nitaanguka juu ya mwenye nyumba tusamehewe kodi. Wakiuliza kama siogopi, nasema mbu na unyepesi wake anaruka bila hofu, mimi ni nani. Kadiri nilivyosema ndivyo nilivyokuwa shujaa, na kadiri nilivyokuwa shujaa ndivyo mlango wa kusema "naogopa" ulivyokuwa unafungwa. Niliufunga mwenyewe, kwa ulimi wangu. Hata sasa nikisimama mbele ya bwana harusi anayetokwa jasho nikamtania mpaka ukumbi ucheke, kuna sehemu yangu inamuonea wivu, maana yeye anaruhusiwa kutokwa jasho.

Woga wenyewe ulikuja kwa njia ambayo sikutegemea. Asubuhi moja nilifika mapema kwa ajili ya chai, nikakuta bado wako kwenye sala. Wao kila siku kabla ya kazi wanaimba wimbo mmoja wa kitabuni, wanasoma mistari, halafu Mama Glory anaomba. Nikasimama karakanani, upande wangu wa pazia, nimeshika kofia. Akaomba kwa ajili ya shule ya Glory, kwa ajili ya mguu wa mama mkwe, halafu akasema, "Na Godlisten, Bwana, huyu mtoto wa watu. Umshike huko hewani. Asivunjike. Usiruhusu tukapeleke habari mbaya kwa mama yake." Nikajikuta nimekaa juu ya pampu. Wiki nzima nikawa nawahi makusudi, na kila siku jina langu lilikuwepo, na kila siku alilisema kwa sauti ya mtu ambaye ameliwaza usiku. Mtu hakuombei hivyo kila asubuhi kama hakuna kitu. Nikaanza kuyaangalia yale mapanga. Nikaanza kuona yalivyo karibu na shingo.

Mwezi wa nane Fundi alianza kujaribu na magunia. Chombo tulikipeleka kwa pikapu ya kuazima mpaka shamba la familia yao, mlimani, kando ya barabara ya kwenda Momela, mahali mahindi yalikuwa yameshavunwa. Mtendaji wa kijiji alikuja kuuliza kuna nini, akaambiwa ni mashine ya kupulizia kahawa dawa, akasema hata yeye ana miche kumi na mbili, asisahauliwe. Tuliweka kwenye kiti gunia la mahindi la kilo arobaini, likanyanyuka. Arobaini na tano. Hamsini. Kila mara Glory anaandika mita ya umeme inasema nini. Siku tulipoweka hamsini na mbili, ambao ndo uzito wangu, chombo kilipiga kelele ya nyuki milioni, vumbi likaenda mpaka kwa jirani, na kikatoka ardhini, kikakaa hewani usawa wa kifua, kimetulia, gunia limekaa kwenye kiti kama mzee wa kanisa. Fundi alivua kofia. Sijui kama alijua ameivua. Alisimama hivyo, rimoti mkono mmoja kofia mkono mwingine, na mdomo wake ulikuwa unahesabu. Hamsini na saba likanyanyuka kwa shida. Sitini na moja likagoma kabisa, mota zikaanza kunuka, akazima. Tukiwa tunarudi mjini nilimsikia anamwambia binti yake kwamba mwisho wa mashine ni hamsini na saba, na Nusu ana hamsini na mbili, kwa hiyo tuna kilo tano za kupumulia. "Ikizidi hapo haitoki," alisema. "Isipozidi, itatoka. Hakuna la tatu."

Nilikuwa nimekaa nyuma juu ya magunia. Nikaisikia hiyo sentensi ikaingia kichwani na kutafuta mahali pa kulala.

Kwanza nilijaribu kula. Kweli kabisa. Kwa siku kumi nilikuwa natoka kwa Mama Glory na kibakuli changu cha mtoto, naenda kwa muuza chipsi, nakula mayai matatu, naenda tena kwa mama wa makande. Niliongezeka nusu kilo na kuharisha. Halafu nikapita kwa rafiki yangu wa matairi. Unajua wanapobalansi tairi huwa wanagonga kwenye ringi vipande vidogo vya risasi, yale madini laini mazito ya kijivu. Vya zamani wanavitupa kwenye ndoo. Nikamwomba ndoo. Nikavipeleka kwa muuza nyama, nikamwambia anipimie, akanipimia bila kuuliza, maana kwangu watu walishazoea upuuzi. Tisa na robo. Nikakata tyubu ya pikipiki, nikatengeneza mkanda wenye mifuko, nikaushona kwa uzi wa kushonea viatu. Vilikaa vizuri. Ukivaa ovaroli juu yake hakuna anayejua. Sikujiambia kwamba naharibu kazi ya mtu. Nilijiambia nasogeza mbele kidogo. Ikikataa leo, Fundi ataongeza nguvu, itachukua miezi, na ndani ya miezi mimi nitakuwa nimepata namna ya kujitoa kwa heshima. Heshima. Ndo neno nililolitumia.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa tisa, kahawa inaiva. Kabla ya kwenda shambani Fundi alitaka nipimwe mara ya mwisho, kwa mizani ya kweli, tukaenda pale wakulima wanapokusanyia kahawa yao. Karani wa mizani alikuwa kaka yake Fundi, Baba Elia, mtu mkali, miaka yote kazi yake ni kuwashika watu wanaoweka mawe chini ya gunia ili kahawa iwe nzito. Mizani yenyewe ni ya kuning'iniza. Wakanivalisha gunia mpaka kwapani, wakanitundika kwenye ndoano, miguu inacheza, wakina mama na ndoo zao za kahawa wanakufa kwa kicheko. Baba Elia akanipapasa mifukoni kama anavyopapasa magunia, mpaka kwenye soksi. Akasema, "Hamsini na mbili kavu. Huyu hana mawe." Watu wakacheka tena. Na mimi nikacheka kuliko wote, kwa sababu mkanda wangu ulikuwa umelala kwenye mkoba chini ya kiti cha pikapu, unanisubiri.

Niliuvaa nyuma ya migomba, nikisema nabadili nguo.

Watu walikuwa wengi kuliko nilivyotaka. Kwaya ya vijana ilikuja yote. Mama Glory alikuwa amesimama mbali, mikono imefungwa kwenye kanga, hanitazami. Nikakaa kwenye kiti cha plastiki, na kiti kikalia, kwii, na nikaogopa kwamba hicho ndo kitanisema. Fundi akanifunga mkanda wa usalama yeye mwenyewe. Akanivalisha kofia. Akaniangalia kwa karibu, nikaona ana vanishi kwenye nyusi. Akasema, "Kama hutaki, sema sasa. Sitakasirika." Hakuna mtu alikuwa ameniuliza kama nataka mwaka mzima, na aliponiuliza ilikuwa pale, mbele ya kwaya, na risasi kiunoni. Nikamwambia, "Fundi, washa, ndege za wenzetu hazichelewi hivi." Watu wakacheka. Akanipiga begani taratibu, akarudi nyuma hatua ishirini, akawasha.

Nataka niseme ukweli kuhusu dakika ile. Mapanga yalipokolea, kelele ikaingia mpaka kwenye meno, chombo kikaanza kutetemeka kama kimesimamia vidole, nikahisi mguu mmoja wa fremu umeachia udongo. Halafu wa pili. Kikawa kama mtu anayejinyoosha kuchungulia juu ya ukuta. Na mimi, mwizi niliyejifunga mizigo, kuna sehemu yangu ilisema, nyanyuka. Kwa kweli niliitaka. Kikashuka. Fundi akaongeza. Kikajinyoosha tena, kikashuka. Akaongeza mpaka mwisho, na nikasikia ile harufu ya karakana, vanishi, lakini ya kuungua, na mota mbili za kushoto zikatoa moshi mweupe. Akazima. Ukimya ulioingia shambani hapo, unasikia majani ya migomba. Sikuuweza. Mimi kimya sijawahi kukiweza. Nikavua kofia nikasema kwa sauti ya kondakta, "Fundi, nishuke nisukume?" Na shamba zima likaangua kicheko, kwaya, watoto, wakina mama, mpaka mtendaji. Katika yote niliyofanya mwaka ule, hicho kicheko ndicho kinachoniamsha usiku.

Fundi hakucheka. Alikuja, akanifungua mkanda, akauliza kama nimeumia. Nikasema hapana. Alizigusa zile mota mbili kwa nyuma ya mkono, kama unavyomgusa mtoto mwenye homa. Watu walishaanza kueleza. Mzee mmoja akasema gunia si mtu, mtu ana roho, na roho huwezi kuiweka kwenye mizani, wengi wakaitikia, hata mimi nikatikisa kichwa. Ni Baba Elia aliyekataa. Kazi yake ilikuwa imetukanwa. Akasema yeye anajua uzito, kama gunia la hamsini na mbili limenyanyuka na mtu wa hamsini na mbili amekataa, basi kuna jiwe mahali, turudi kwenye mizani tumpime tena huyu bwana mdogo sasa hivi. Nikasema sawa, ila tumbo limenishika, naomba choo kwanza. Choo kilikuwa cha shimo, cha mabati, nyuma ya zizi. Nikaufungua ule mkanda nikaudondosha. Shimo lilikuwa refu. Nilisikia ukigonga chini. Nikasimama mle ndani nikihesabu mpaka ishirini, nikatoka najifunga ovaroli, na tukaenda wote na msafara wetu kwenye mizani, nikatundikwa tena. Hamsini na mbili. Baba Elia akaisoma mara mbili. Nilikuwa naning'inia pale juu ya vichwa vya watu, nikauona uso wa Fundi Elisante ukipokea ile namba. Kama ningekuwa na mawe, angefurahi. Namba ile ilimwambia kitu kimoja tu. Akasema taratibu, kwa kaka yake, si kwangu, "Basi ni mimi."

Mle ndani ya gunia nilikuwa na nafasi ya kusema maneno matatu. Niliyajua hata ni yapi.

Chombo kilirudi Kaloleni kikakaa wiki mbili. Halafu mabomba yakawa banda la kuku, mota zikaingia kwenye pampu za watu. Hakuacha kazi, hakulewa, hakulia. Ila aliacha kuhesabu kwa sauti. Nikipita mlangoni namwona anasuka mdomo umefungwa. Mama Glory alinichinjia jogoo kama alivyoahidi, akanipakulia sahani nzima, na mimi niliila yote kwa sababu kuacha kungekuwa kusema. Baada ya hapo nikapunguza kwenda. Harusi moja mshereheshaji hakutokea, nikashika maiki, maisha yakashika njia. Kila tukikutana mjini nampa shikamoo yangu kwa mbwembwe, naye anauliza, "Hujambo Kapteni?" Aliendelea kuniita Kapteni. Hakuwa ananikejeli. Hiyo ndo shida.

Baada ya mazishi, watu wameshakula, turubai linafunguliwa, Glory aliniita kibarazani. Siku hizi ni fundi umeme wa kusomea, ana vyeti, anavaa viatu vya kazini hata msibani. Alikuwa ameshika ile kaunta buku. Nilidhani iliishia siku ile. Kumbe baba yake aliendelea. Kurasa na kurasa, mwandiko wake mnene wa penseli, miaka mpaka alipougua. Siku ile mita ilisoma sawasawa na siku ya gunia la sitini na moja, lile lililogoma. Kwa hiyo alikuwa ameandika juu ya ukurasa: "Zimezidi kilo 9. Zimetoka wapi?" Chini yake amepanga washukiwa. Hewa ya mlimani, amekata. Unyevu kwenye mapanga, amekata. Kamba, amekata. Betri kupoa, amezipima upya, amekata. Kila mmoja na hesabu yake nzima pembeni. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na mshukiwa mmoja, hajakatwa: "Mimi." Jina langu nililitafuta kurasa zote. Halikuwepo hata mahali pamoja.

Glory akasema, "Kaka Nusu, nataka kukijenga tena. Ila siwezi kuanza kabla sijajua hizi tisa, nitakuja kumweka mtu ndani nimuue. Wewe ndo ulikaa pale. Ulihisi nini?"

Nilifungua mdomo, na kikaja kichekesho, kizuri tu, kilikuwa tayari kabisa. Nikakimeza. Nikamwambia, "Nilikuwa nazo mimi. Kiunoni. Risasi za matairi. Niliogopa, nikazivaa baada ya kupimwa, halafu nikazitupa chooni."

Nilitegemea kofi, na ningelipokea kwa shukrani. Yeye akatoa kalamu nyuma ya sikio, akaligeuza daftari kwenye goti lake.

"Tisa kamili?"

"Na robo. Nilizipima kwa muuza nyama."

Akaandika. Akakata lile neno la mwisho la baba yake, mstari mmoja ulionyooka. Halafu akaweka mkono juu ya ukurasa, kidole kikisugua pale penye tisa, na sauti yake ikawa ndogo. "Alikosea robo," alisema. "Miaka yote hii. Baba alikosea robo tu."

Akainuka. Mlangoni akasimama bila kugeuka, akasema mama yuko jikoni, anamenya ndizi, na kwamba mpaka asubuhi ya leo bado ananiombea kwa jina, yeye Glory hana maneno ya kumwambia, mimi ndo mwenye maneno. Nikabaki pale kibarazani na kofia mkononi. Jikoni nilimsikia Mama Glory anauliza Nusu yuko wapi, hajala. Nikaingia.